Kabla Hujanunua Mashine ya Kuchimba Bitcoin Dodoma: Mwongozo Kamili wa Kuipima, ya Nyumbani na ya Ghala

Anayekuuzia mashine ya kuchimba Bitcoin atakutajia terahashi. Ina terahashi 100, ina terahashi 200, inachimba usiku na mchana hata ukiwa umelala. Terahashi ni kasi ya mashine kukisia namba, makisio trilioni moja kila sekunde, na kasi peke yake haikuambii kama utapata faida. Mnunuzi wa Dodoma aulize mambo mawili kwanza: kila terahashi moja inakula umeme kiasi gani, na uniti moja ya umeme inamfikia yeye kwa shilingi ngapi baada ya kodi zote? Akizipata namba hizo mbili, sehemu kubwa ya uamuzi imeshakamilika kabla hajaiona mashine.

Nimeandika kwa ajili ya anayetaka mashine moja ya kuweka uani Nkuhungu au Kisasa, na pia kwa anayefikiria ghala zima kule Kizota au Nala. Hesabu zao zinaanzia mahali pamoja, kisha zinaachana.

Elewa kwanza unagawana nini

Kompyuta za wachimbaji duniani kote zinashindana kukisia namba. Kwa wastani kila dakika 10 mmoja anaipata, anafunga bloku, yaani kifurushi cha miamala, na kulipwa. Tangu Aprili 2024 malipo hayo ni bitcoin 3.125 kwa bloku, ambayo ni karibu bitcoin 450 kwa siku kwa dunia nzima, mbali na ada ndogo za miamala. Kila baada ya bloku 2,016, yaani kama wiki mbili, mtandao unajipima upya: wachimbaji wakiongezeka kazi inakuwa ngumu zaidi, wakipungua inalegea. Kwa hiyo mashine mpya hazileti bitcoin zaidi, zinapunguza fungu la waliokuwepo. Fungu lako leo litakuwa dogo mwakani hata kama mashine yako haijapata hitilafu yoyote.

Hatua ya 1: Jua mashine inachimba sarafu gani

Mashine maalumu ya uchimbaji imeundwa kwa hesabu ya aina moja tu. Antminer za jamii ya S19 na S21, au Whatsminer M30 na M50, zinachimba Bitcoin na ndugu zake wachache wanaotumia hesabu ileile. Huwezi kuzigeuza zikahariri video wala kuzifanya kompyuta ya ofisini. Antminer L7 ni ya Litecoin na Dogecoin kwa pamoja.

Kuhusu kompyuta zenye kadi za michoro, mambo yalibadilika tarehe 15 Septemba 2022, siku sarafu ya Ethereum, iliyokuwa ikichimbwa kwa kadi hizo, ilipoachana kabisa na uchimbaji. Anayekuuzia rundo la kadi hizo kwa hesabu za kabla ya siku hiyo anakuuzia historia. Zina thamani, lakini kwa mchora ramani za nyumba, mhariri wa video au mcheza gemu.

Hatua ya 2: Tafuta bei halisi ya uniti yako

Usikubali bei ya kuambiwa. Chukua risiti ya LUKU ya mwisho, ugawanye fedha uliyolipa kwa uniti ulizopata, baada ya kuondoa kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi. Mteja wa kawaida wa daraja la T1 anapata uniti kama 28 kwa shilingi 10,000. Hapo uniti moja ni karibu shilingi 356: bei ya msingi 292, kisha asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya REA (umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati).

Wapo wanaosema, "Nyumba yetu iko D1, uniti ni shilingi 100." Ni kweli, kabla ya kodi, lakini daraja hilo ni la anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Antminer S21 yenye wati 3,500 inakula uniti 84 kwa siku moja. Itamaliza fungu la mwezi mzima kabla hujalala mara ya pili, na utahamishiwa T1. Na anayekushauri umtafute fundi wa kuchezea mita anakushauri uibe umeme. Mzigo wa kilowati 3.5 usiopumzika mchana wala usiku ni rahisi sana kuugundua.

Hatua ya 3: Pima ufanisi

Gawanya wati za mashine kwa terahashi zake. Unachopata ni jouli kwa terahashi, na namba hii ikiwa ndogo ndiyo nzuri. S9 ya mwaka 2016, yenye terahashi 13.5 na wati kama 1,320, inatoka na 98. S19j Pro ya terahashi 104 ni 29.5. S19 XP ni 21.5. S21 ya terahashi 200 ni 17.5, na S21 Pro ni 15.

Sasa namba hiyo uigeuze iwe shilingi. Zidisha jouli kwa terahashi mara 0.024; unapata uniti ambazo terahashi moja inakula kwa siku. Kisha tafuta terahashi moja inaingiza kiasi gani kwa siku: bitcoin 450 ugawe kwa terahashi zote za mtandao, uzidishe kwa bei ya bitcoin. Kwa mfano nitachukua mtandao wa eksahashi 1,000 (eksahashi moja ni terahashi milioni moja), kiwango kilichovukwa mwaka 2025, bei ya bitcoin dola 100,000, na dola moja kwa shilingi 2,500. Ukisoma makala haya namba zitakuwa zimehama, hivyo weka za siku yako. Kwa makadirio hayo terahashi moja inaingiza senti 4.5 za dola kwa siku, ambazo ni shilingi 112.5.

Gawanya mapato ya terahashi kwa uniti zake, utapata bei ya juu kabisa ya uniti ambayo mashine inaweza kuilipa bila kupata hasara:

S9: shilingi 48
S19j Pro: shilingi 159
S19 XP: shilingi 218
S21: shilingi 268
S21 Pro: shilingi 312

Linganisha na 356 ya LUKU. Hakuna hata moja inayofika. S21 inayochimba kwenye T1 inaingiza shilingi 22,500 kwa siku na kula umeme wa shilingi 29,900. Kila siku unaongezea zaidi ya 7,000 kutoka mfukoni, kabla ya kurudisha hata senti moja ya bei ya mashine. Ndiyo maana S9 zinauzwa kwa bei ya kutupa: mwenyewe alishapiga hesabu hii. Mashine ya bei rahisi mara nyingi ndiyo ghali kuendesha, na kwa umeme wa nyumbani Dodoma tofauti hiyo inaonekana ndani ya wiki moja ya kununua tokeni.

Naujua ubishi wa "nitazishika bitcoin zangu, bei itapanda." Kama hiyo ndiyo imani yako, shilingi 29,900 za umeme wa leo zingeweza kununua bitcoin nyingi zaidi ya zile mashine inazokuletea kwa 22,500. Ubishi huo unatetea kushika bitcoin, hautetei mashine.

Hatua ya 4: Kama bado unaitaka nyumbani

Kuna sababu mbili halali. Ya kwanza ni kujifunza. Kwa hilo nunua kidude kidogo cha aina ya Bitaxe, kinachokula wati 15 hadi 20 na kutoa terahashi kama 1.2. Umeme wake ni kama shilingi 4,600 kwa mwezi, hakipigi kelele, na kitakufundisha kuunganisha mashine na kundi la uchimbaji (wachimbaji wanaounganisha nguvu na kugawana malipo), kutunza pochi ya kidijitali na kusoma joto la chipu. Usikitegemee kwa fedha. Kikichimba peke yake dhidi ya mtandao wa eksahashi 1,000, wastani wa kupata bloku moja ni karibu miaka 16,000.

Sababu ya pili ni kuwa na sola iliyokwisha kulipwa, yenye ziada inayopotea mchana. Dodoma ina jua zuri, na ziada hiyo kweli haina gharama mpya. Lakini kuweka sola mpya kwa ajili ya mashine ni jambo jingine. Uniti 84 kwa siku zinahitaji paneli za jumla ya kilowati 19 hivi, yaani paneli 35 za wati 550, pamoja na betri za usiku kucha. Ukiacha betri, mashine itachimba saa chache tu huku ikizeeka kwa kalenda ileile.

Ukishaamua, shughulikia waya kabla ya kitu kingine chochote, maana hapa ndipo nyumba inapoungua. Wati 3,500 kwenye volti 230 ni ampea 15. Plagi zetu za miguu mitatu ni za ampea 13, tena hazikutengenezwa kubeba mzigo huo saa 24. Eksitensheni ya dukani ni hatari tupu. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake kutoka meni swichi, waya wa milimita za mraba 4 au zaidi kutegemea umbali, na breka ya ampea 20 au 25. Akague na athi. Kisha pima volti kwa maltimita kati ya saa 1 na saa 4 usiku, mtaa mzima ukiwa unapika na kutazama televisheni. Pawa, yaani kifaa kinachoilisha mashine umeme, ina kiwango chake cha volti: za jamii ya S19 zinataka 200 hadi 240, nyingine zinatofautiana, hivyo soma kibandiko. Mtaa wako ukishuka chini ya kiwango hicho, mashine itazima na kuwaka hadi pawa ife.

Joto linafuata. Umeme wote unaoingia kwenye mashine unatoka kama joto, hivyo S21 moja inamwaga kiasi ambacho kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaweza kukiondoa kikifanya kazi kwa nguvu zote. Kiyoyozi kimoja kwa mashine moja, na kiyoyozi nacho kinakula LUKU. Kinachofaa ni kupitisha hewa: baridi iingie upande mmoja, ya moto itoke upande mwingine bila kurudi. Kwa kila mashine ya kilowati 3.5 panga mita za ujazo 800 za hewa kwa saa. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni iliyotosha kwa mwenzako wa Tandale huenda isikutoshe. Usiiweke chini ya bati lisilo na silingi. Kuanzia Oktoba hadi mvua zinapokolea, chumba cha namna hiyo mchana kinavuka kwa urahisi nyuzi 40, na hapo mashine nyingi hupunguza kasi au kujizima.

Kelele ni kama desibeli 75, mfululizo, usiku kucha. Nyumba za kupanga zinazochangia ukuta zisahau kabisa.

Hatua ya 5: Kukagua mashine iliyotumika

Mashine nyingi zinazofika kwetu zimeshafanya kazi nchi nyingine. Hilo si tatizo, mradi uzione zikifanya kazi. Usilipe kwa picha ya skrini wala kwa video ya dakika moja. Taka iwashwe mchana wa joto, ifanye kazi saa zisizopungua sita, nawe uwepo.

Ingia kwenye ukurasa wa mashine kwa kompyuta. Nyingi zina bodi tatu za chipu. Zote tatu zionekane, kila moja na idadi kamili ya chipu, na joto lisiachane sana kati ya bodi na bodi. Bodi moja ikikosekana umenunua theluthi mbili ya mashine. Angalia makosa ya hesabu: machache ni ya kawaida, lakini yakipanda kila dakika chipu zimechoka au gundi ya joto imekauka.

Halafu usiiamini kasi inayoandikwa na mashine yenyewe. Iunganishe na akaunti yako kwenye kundi la uchimbaji, ulinganishe na wastani unaoonekana huko baada ya saa kadhaa. Huko ndiko unakolipwa. Pima pia ampea kwa mita ya kubana waya, uzidishe kwa volti. Wati zikizidi sana zilizoandikwa kwenye kibandiko, mashine imechochewa, yaani imeongezwa kasi kuliko ya kiwanda, na ufanisi uliouhesabu umebadilika.

Zima, chomoa, fungua. Tafuta kutu nyeupe au ya kijani kwenye bodi, dalili ya hewa ya chumvi au maji. Nusa pawa: harufu ya kuungua haifichiki. Linganisha namba za bodi na za ganda. Mwisho uliza programu iliyomo ndani. Zipo programu za watu binafsi zinazomega asilimia ya uchimbaji wako kwa aliyezitengeneza, na nyingine zimefungwa kwa nywila ya mmiliki wa zamani. Irudishwe programu ya kiwanda mbele yako, kisha ujaribu tena.

Udongo wetu pia unahitaji mpango. Kiangazi, upepo wa Agosti na Septemba unajaza mapezi ya joto vumbi jekundu. Weka kichujio kipana mbali na mashine, kisibane hewa, na pulizia kwa bloa kila baada ya wiki chache huku umeshikilia panga za feni zisizunguke.

Hatua ya 6: Ghala

Mwenye mtaji anapata kitu ambacho mwenye nyumba hana, yaani daraja lingine la umeme. Kwa viwango vya tangu 2016, T2 ni shilingi 195 kwa uniti pamoja na 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha kilele cha mzigo wako) kwa mwezi. T3 ya msongo wa kati ni 157 pamoja na 13,200 kwa kVA. Malipo ya kVA huwaumiza wenye mashine za kusaga na karakana zinazofanya kazi saa nane tu kwa siku, lakini mchimbaji anatumia saa zote, hivyo yanasambaa. Ukiyagawa kwa saa 720 za mwezi na kuacha nafasi ya pawa fakta ya 0.95 (sehemu ya mzigo inayofanya kazi halisi), T2 inakuja karibu 217 na T3 karibu 176. Ukiongeza VAT na tozo, T2 ni 265 na T3 ni 215. Muulize mhasibu wako kama VAT hiyo utaweza kuidai. Jibu lake linabadilisha hesabu nzima.

Rudi kwenye orodha ya Hatua ya 3. Kwa T2, S21 inagusa tu mstari wa kutopata hasara. Kwa T3 inabakisha: mapato 22,500, umeme 18,060, ada ya kundi la uchimbaji asilimia 1, feni na taa kama asilimia 5 ya umeme. Inabaki kama shilingi 3,300 kwa siku kwa mashine. Kama imekufikia Dodoma kwa milioni 8.75, itachukua zaidi ya miaka saba kurudisha fedha, kabla ya mlinzi, fundi na kodi ya ghala. Mwaka 2028 malipo ya bloku yanatarajiwa kukatwa nusu tena. Kwa namba hizo mimi nisingeingiza mtaji wangu, na namshauri kila anayeniuliza asiingize. Bitcoin ikipanda mara mbili hesabu inageuka vizuri mno kwa miezi michache, kisha wachimbaji wa dunia nzima wanawasha mashine na fungu linarudi kuwa dogo.

Watu wasikudanganye kwamba bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115 limefanya umeme wa Dodoma kuwa wa bure. Laini ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa inapita kituo cha Zuzu, umeme upo, lakini wewe utalipa bei iliyoidhinishwa na EWURA. Uchimbaji unaostawi barani hutafuta umeme usio na mnunuzi mwingine. Kampuni ya Gridless imefanya hivyo kwenye vituo vidogo vya maji, kikiwemo cha Bondo nchini Malawi. Mito ya namna hiyo kwetu iko Njombe na Mufindi. Kanda ya kati tuna jua na upepo.

Kama bado unaendelea, megawati moja ni mashine 260 hadi 270 ukiacha nafasi ya feni. Pata barua ya TANESCO kuhusu uwezo wa transfoma na gharama ya kuunganishwa kabla hujasaini pango. Angalia dari refu na kuta mbili zinazotazamana zinazoweza kutobolewa. Hewa yetu kavu ya kiangazi inafaa sana kupozwa kwa pedi za maji, lakini maji ya mji huu ni ya mgawo na yana chumvi inayoziba pedi upesi. Weka gharama ya tangi na kuchuja kwenye bajeti.

Hatua ya 7: Sheria na forodha

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, ikaonya dhidi ya kuziuza, kuzitangaza na kuzitumia. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa teknolojia hiyo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi si sawa na kupewa leseni. Mwenye ghala apate maoni ya mwanasheria kwa maandishi, na mwenye mashine moja ajue atauzaje bitcoin zake kabla hajazichimba.

Kwa mzigo kutoka nje, mwombe wakala wa forodha akupe kwa maandishi fungu la ushuru atakalolitumia, pamoja na VAT, kabla hujamlipa muuzaji. Dhamana ya kiwanda kwa kawaida inataka mashine irudishwe kwa gharama yako, hivyo nunua na feni na pawa moja ya akiba.

Hatua ya 8: Andika bei ya kuzima

Siku ya kuwasha, andika kwenye karatasi na uibandike ukutani: mapato ya terahashi kwa siku yakishuka chini ya shilingi fulani, tunazima. Kwa S21 kwenye T3 kiwango hicho ni kama shilingi 90, ambacho ni uniti 0.42 mara 215. Kila Jumatatu piga hesabu upya kwa bei ya bitcoin na ugumu wa mtandao wa siku hiyo. Ikikaa chini ya kiwango wiki nne mfululizo, uza mashine wakati bado kuna mtu anayeitaka, ukiambatanisha kumbukumbu zako za joto, kasi na matengenezo. Mnunuzi aliyesoma Hatua ya 5 atazilipia.